Pikipiki Saba katika Milima ya Thailand

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

(Mwalimu wa darasa: kabla ya kufungua redio, andika maneno haya ubaoni na wanafunzi wayasome kwa sauti: msafara, njia panda, mteremko, mtulinga, kibao, kubahatisha.)

Natumaini taa inawaka vizuri na kila mtu ana kalamu yake. Leo sitawapa hesabu ya magunia ya pamba, wala habari za mbolea. Leo nataka kuwasimulia safari. Ni safari niliyoifanya mwenyewe mwezi wa Novemba mwaka 2019, pamoja na wenzangu sita, kwa pikipiki, katika milima ya nchi ya Thailand.

Mwalimu, kama una ramani ya dunia, itundike. Weka kidole juu ya Dar es Salaam au Mombasa, kisha ukipeleke mashariki. Vuka Bahari ya Hindi yote, ipite Bara Hindi, ipite Burma, ndipo utaiona. Zamani nchi hiyo ikiitwa Siam.

Mtauliza: watu wazima, wenye kazi na watoto wao, wanatafuta nini huko mbali na pikipiki? Mke wangu aliuliza hivyo hivyo, nami sikuwa na jibu zuri. Sisi saba tulifahamiana kazini. Kila mmoja wetu hutumia pikipiki kufika vijijini. Mimi huenda kwenye madarasa ya kisomo. Wengine ni waganga na mabwana shamba. Mmoja ni fundi wa pampu za maji. Miaka minne tulichanga fedha kidogo kidogo. Tulizijua njia zetu za udongo na madimbwi yake, tukatamani kuona jinsi watu wa milima mingine wanavyopita. Hiyo ndiyo sababu, na kama haitoshi, sina nyingine.

Tulishuka katika mji mkuu, Bangkok, tukapanda treni ya usiku kwenda kaskazini. Ni mwendo wa yapata kilomita 750 hadi mji wa Chiang Mai. Mji huo ni wa kale. Mfalme Mengrai aliujenga mwaka 1296, na hata leo sehemu ya katikati imezungukwa na handaki la maji lenye pembe nne, kama mtu aliyechora mraba kwa rula. Hapo tukakodi pikipiki saba ndogo, zile za gia nne zisizo na klachi ya mkono. Tulifurahi kuona kwamba huko watu huendesha upande wa kushoto kama sisi. Tena, kama kwetu, pikipiki hubeba kila kitu: baba, mama na mtoto katikati; mboga za sokoni; mtungi wa gesi; mbwa. Tulijiona tuko nyumbani.

Sasa sikilizeni njia yenyewe. Inatoka Chiang Mai, inakwenda magharibi hadi karibu na mpaka wa Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, kisha inazunguka kaskazini na kurudi Chiang Mai. Siku ya kwanza unalala Mae Sariang, yapata kilomita 190. Siku ya pili Mae Hong Son, kama kilomita 165 zaidi. Siku ya tatu Pai, kama 110. Siku ya nne nyumbani, kama 135. Jumlisheni wenyewe. Wenyeji husema njia hii ina kona 1,864. Mimi sikuzihesabu. Mtu anayehesabu kona huku anaendesha hatafika kumi.

Usiku kabla ya kuondoka, fundi wetu wa pampu alituita. Yeye alikwisha kuipita njia ile mara moja, kwa hiyo tulimfanya kiongozi wa msafara. Nyuma kabisa aliwekwa bwana shamba mmoja wa miaka 58, mtu wa taratibu, mwenye bomba la upepo na viraka vya pancha. Tukamwita Mzee wa Mkia. Kiongozi akatupa kanuni nne.

Kanuni ya kwanza: katika njia iliyonyooka tusifuatane mstari mmoja. Mmoja akae kulia kidogo, anayefuata akae kushoto kidogo, ili kila mtu apate nafasi ya kusimama. Tukifika kwenye kona, tufuatane mmoja mmoja.

Kanuni ya pili: mwenzako wa mbele akipita mti, anza kuhesabu, "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Ukiufikia mti kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mbona hivyo? Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kwa sekunde moja. Macho yakiona hatari, mkono haushiki breki papo hapo. Hata mtu hodari hupoteza kama sekunde nzima, na mita 11 zimekwisha kupita kabla breki haijagusa kitu.

Kanuni ya tatu: kwenye kila njia panda, simama. Usiondoke mpaka umwone aliye nyuma yako, naye akuone. Yeye naye atafanya hivyo kwa wa nyuma yake. Hivyo kiongozi hana haja ya kugeuka, maana kila mtu anamchunga mmoja tu. Kanuni hii ndiyo itakayonisumbua katika mazungumzo haya, kwa hiyo nairudia polepole. Kwenye njia panda, simama. Usiondoke mpaka umwone aliye nyuma yako.

Kanuni ya nne: aliyepotea asitangetange. Arudi kwenye njia panda ya mwisho, akae hapo hapo.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, nami nitaipita upesi. Tuliuona upande wa kulia mlima mkubwa kuliko yote ya nchi hiyo, Doi Inthanon, wenye kimo cha mita 2,565. Kilimanjaro ni mita 5,895, basi hesabuni mwone kama unafika nusu yake. Tulipanda katika misitu ya misonobari, na baridi ikatushika mikono. Mkipanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Ndiyo maana Thailand, nchi ya joto, ina asubuhi za kuvaa makoti mawili.

Kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Mtu anayeshuka mteremko mrefu huku amekanyaga breki wakati wote anaipasha moto. Ndani ya gurudumu vitu viwili vinasuguana, navyo vikipata moto mwingi havishiki tena. Unakanyaga, na mguu unazama bure. Utasikia harufu kama ya nguo iliyoungua. Dawa yake ni gia. Kabla ya kuanza kushuka, rudisha gia ya pili, hata ya kwanza, injini yenyewe iizuie pikipiki. Breki uiguse kidogo, uiachie, uiguse tena. Na mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani ya kona. Kiongozi alituambia haya mara tatu, tukaona anatufanya watoto.

Jioni tulifika Mae Sariang na njaa kali. Tukaingia mkahawani. Hapo ndipo niliponyamaza.

Wanafunzi wangu, mimi ni mwalimu wa kisomo. Nimefundisha watu wengi kushika kalamu. Ukutani pale palikuwa na orodha ndefu ya vyakula, nami sikuweza kusoma hata herufi moja. Herufi za Kithai si kama zetu. Wana konsonanti 44, na irabu zao huandikwa mbele ya konsonanti, au nyuma yake, au juu, au chini. Tena maneno yao hayaachiwi nafasi katikati. Yanafuatana kama siafu mpaka sentensi iishe. Nilisimama na mikono nyuma, nikitabasamu kama mtu anayeelewa. Je, mnaijua tabasamu hiyo? Ninyi mnaijua. Nimeiona mara nyingi kwa watu wazima waliokuja siku ya kwanza darasani, nami nikadhani naielewa. Sikuielewa mpaka usiku ule. Nilinyosha kidole popote, nikaletewa supu ya pilipili iliyonitoa machozi mpaka dada mmoja wa msafara wetu akacheka.

Dada huyo ni muuguzi, mdogo kuliko sisi wote, naye hapendi kushindwa. Alimwomba mama mwenye nyumba tulimolala amwonyeshe herufi. Mama yule akamwandikia katika karatasi jina la mji tunaokwenda, Mae Hong Son. Jina linaanza na mistari miwili iliyosimama, kila mmoja una kijiduara chini. Kisha inakuja herufi ya m. Hivyo ndivyo wanavyoandika mae. Neno hilo maana yake ni mama. Mto nao huitwa mama wa maji, kwa hiyo miji na vijiji vingi vilivyo kando ya mito vimeanza na neno hilo. Dada aliliandika mara ishirini. Asubuhi kila kibao cha njiani alikionyesha kwa kidole: "Mae! Tazama kaka, nasoma!"

Siku ya pili tulifika mji mdogo wa Khun Yuam kabla ya saa sita. Pana nyumba ya makumbusho ya vita kuu ya pili. Wazee mnaosikiliza mtakuwa mmesikia habari za keya waliokwenda Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, iliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, na mwezi wa Desemba ikauvuka mto Chindwin. Huko ni mbali, kaskazini-magharibi ya Khun Yuam. Lakini majeshi ya Japani yaliposhindwa Burma, baadhi ya askari wao walirudi kwa miguu kupitia milima hii, wagonjwa na wenye njaa, na wenyeji wakawapa wali. Katika makumbusho zimewekwa chupa zao za maji, kofia zao na vitu vyao vingine. Niliitazama chupa moja iliyobonyea, nikawaza kwamba pengine mwenye chupa hii alimkimbia mzee fulani wa Tabora au Songea. Hilo siwezi kulijua, lakini niliwaza hivyo.

Kisha tukapanda mlima mmoja karibu na hapo kutazama maua. Mwezi wa Novemba mlima wote unakuwa wa njano, na watu huja kutoka mbali kupiga picha. Tulipofika juu, Mzee wa Mkia alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni lile ua letu la njano linalofanana na alizeti, lililojaa kando ya barabara na mipakani mwa mashamba, ambalo wakulima hulikata likaoza liwe mbolea! Asili yake ni Mexico. Limeletwa kwetu na kwao vile vile. "Tumepanda ndege kuja kutazama mbolea," alisema. Hata hivyo alichuma moja akaliweka kwenye kofia.

Tulichelewa huko juu. Saa kumi ilipita ndipo tukaondoka, na mwezi ule jua huzama kabla ya saa kumi na mbili. Mbele yetu palikuwa na kilomita 60 na zaidi za kona. Manyunyu yakaanza.

Mimi nilikuwa wa tano. Dada muuguzi alikuwa wa sita. Mzee wa Mkia alikuwa wa saba. Nyuma huko, bila mimi kujua, Mzee akapata pancha. Akampungia dada mkono, kumwambia aende akatuarifu.

Nikafika mahali ambapo njia ya kijijini inaachana na barabara. Ni njia panda ya hila, maana barabara kubwa ndiyo inayopinda kulia, na njia ndogo ndiyo inayokwenda mbele moja kwa moja. Nilisimama. Nikatazama kioo: hapana mtu. Nikahesabu mpaka thelathini. Mvua ikaingia shingoni. Mbele, taa nyekundu ya mwenzangu wa nne ikazunguka mwamba, ikapotea. Nikaogopa. Nasema kweli, niliogopa kuachwa peke yangu katika nchi ambayo siwezi kusoma kibao chake. Nikajiambia, "Barabara kubwa iko wazi, nani atapotea hapa?" Nikaondoka.

Kilomita kumi na mbili mbele kulikuwa na kituo cha petroli. Kiongozi alikuwa amesimama chini ya paa akitupokea kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, mimi wa nne, na yeye mwenyewe wa tano. Tukangoja. Simu tulikuwa nazo, lakini mtandao haukuwapo katika mabonde yale. Ilipopita robo saa akaniuliza, "Kaka, dada alipita pale njia panda?"

Nikasema, "Alipita. Nilimwona kwenye kioo."

Mpaka leo sijui kwa nini ulimi wangu ulisema hivyo. Kiongozi hakufoka wala hakunitazama kwa ukali. Aliniuliza tu, na mimi nikamjibu uongo.

Sasa tazameni kazi ya uongo huo. Kwa kuwa alidhani dada amekwisha kupita njia panda, aliona kwamba ameanguka mahali fulani katika kilomita zile kumi na mbili. Akawaacha watatu kituoni, akarudi pamoja nami. Kila kona tulisimama. Kila kona alishuka, akamulika tochi bondeni, akaita jina lake. Giza likaingia. Mwendo wa dakika ishirini ukatuchukua karibu saa nzima. Nami nilisimama kando yake nikimulika tochi yangu, nikijua kwamba pengine tunatafuta mahali ambapo hayupo. Mara nyingi nilifungua mdomo, kisha nikaufunga.

Pale njia panda tulimkuta Mzee wa Mkia ameketi juu ya jiwe, taa ya pikipiki yake inawaka, ua la njano bado liko kwenye kofia. Pancha alikwisha kuziba. Alipofika hakuona mtu wa kumngoja, akajihesabu kuwa amepotea, akaishika kanuni ya nne.

"Dada yuko wapi?" aliuliza.

"Si alikuja kwetu?" akasema kiongozi.

"Aliondoka kwangu kuja kwenu. Nilipofika hapa sikukuta mtu."

Kiongozi akanigeukia. Nikasema, "Sikumwona. Sikungoja."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Haya." Basi. Ningefurahi kama angenipiga.

Kando ya njia ndogo kulikuwa na banda la mama mmoja mzee aliyeuza petroli kwa chupa, kama tunavyoona vijijini kwetu. Hakujua Kiswahili, wala sisi hatukujua Kithai. Mzee wa Mkia akachuchumaa, akachora mchangani pikipiki saba kwa kijiti. Akazifuta sita. Ile moja iliyobaki akaichorea mtu, akamwekea nywele ndefu zilizosukwa. Mama yule akatazama, akaelewa mara moja. Akaunyosha mkono kwenye njia ndogo, akaushusha chini upesi, kama kitu kinachoteremka. Kisha akamwita mjukuu wake, kijana wa kama miaka kumi na mitano, naye akawasha pikipiki yake akatutangulia.

Njia ile iliteremka kama ngazi, na lami ikaisha. Baada ya kilomita nne tulifika kijiji cha watu wa kabila la Karen. Nyumba zao ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo, na wanawake hufuma nguo kwa mtambo wanaoufunga kiunoni. Katika nyumba moja moto ulikuwa unawaka. Dada alikuwa ameketi juu ya mkeka na bakuli la chai, mkono wake wa kushoto umefungwa kifuani kwa kitambaa chekundu kilichofumwa pale pale. Bibi mmoja alikuwa anamfuta matope miguuni.

Aliniona mimi kwanza. "Kaka," alisema, "nilisoma kibao."

"Kiliandikwa nini?"

"Mae." Akajaribu kucheka, ikamuuma. "Nilifika pale sikuona mtu. Nikaona kibao cha ubao, kina ile mistari miwili na m. Nikasema, mae, hii ndiyo njia ya Mae Hong Son. Kumbe ni Mae nyingine."

Kilikuwa kibao cha kijiji kile. Kimeanza na mae kama vingine mia. Dada alisoma kichwa cha jina, na mkia wake akaubahatisha. Kisha mteremko ukamchukua. Alikanyaga breki ya mguu kutoka juu mpaka chini kwa hofu, ikaungua, ikaacha kushika. Akashika breki ya mbele juu ya changarawe, na gurudumu la mbele likateleza. Akaangukia bega.

"Nilikutazamia pale njia panda," aliniambia. Hakusema kwa hasira. Alisema kama muuguzi anayeeleza hali ya mgonjwa. Nikamwambia mbele ya wote kwamba sikumngoja, na kwamba nilisema uongo kituoni, na kwamba kwa sababu yangu alikaa na maumivu saa nzima zaidi. Kijana yule na bibi yule hawakuelewa maneno, lakini waliinamisha macho.

Mtu mmoja wa kijijini alikuwa na gari dogo la kubebea mizigo. Alitupeleka hospitali ya Mae Hong Son usiku ule ule, wala hakutaka kupokea fedha. Ilibidi tuiweke petroli kwenye tangi lake alipokuwa ameingia ndani. Daktari alipiga picha akatuonyesha: mfupa wa mtulinga umevunjika. Mtulinga ndio ule mfupa mwembamba unaotoka shingoni kwenda begani. Hauwekewi plasta, mkono hutundikwa kwa kitambaa, na mgonjwa hungoja majuma sita au zaidi. Dada alijua hayo yote. Alimsahihisha mwenzake jinsi ya kufunga kitambaa.

Yeye alirudi Chiang Mai kwa gari la abiria, pamoja na mwenzetu mmoja wa kumsindikiza. Sisi watano tuliendelea. Kiongozi alibadili mpango, akaniweka mimi karibu na mkia, mbele ya Mzee tu. Kwenye kila njia panda nilisimama. Wakati mwingine Mzee alichelewa kwa makusudi. Nadhani alikuwa ananijaribu. Nilingoja.

Sina mengi juu ya siku zile mbili za mwisho. Ukungu wa asubuhi pale Mae Hong Son ni mzito hata huoni gurudumu lako. Barabara ya kwenda Pai imepita juu ya njia ambayo majeshi ya Japani yaliifungua wakati wa vita. Kahawa ni nzuri. Zamani watu wa milima ile walilima kasumba. Tangu mwaka 1969 mpango ulioanzishwa na mfalme wao, Bhumibol, umewasaidia kulima kahawa, kabichi na matunda badala yake. Watu wa Bukoba na Moshi wangependa kuona jinsi mibuni inavyopandwa chini ya kivuli cha miti. Na adabu yao pia ingewapendeza. Aliyekuzidi umri humwiti jina tupu, unamwita phi, yaani kaka au dada mkubwa. Mdogo unamwita nong. Mzee wa Mkia aliitwa phi kila mahali, akafurahi kwa kuitwa kijana.

Mae Hong Son hutoa cheti kwa mgeni aliyefika kwa kuzipita kona zile 1,864. Wenzangu walichukua vyao. Dada naye alitaka chake, akasema amezipita za kutosha. Changu kimo sandukuni.

Sasa fungueni madaftari. Kwanza hesabu: pikipiki inakwenda kilomita 60 kwa saa. Katika sekunde mbili imepita mita ngapi? Mwalimu atawasaidia, lakini ajaribu kila mtu peke yake.

Halafu kusoma. Mwalimu, andika ubaoni maneno haya, moja chini ya jingine: bara, baraka, baraza, barafu, barabara, barua. Mfunike mwisho wa kila neno kwa mkono, mwulize mwanafunzi anadhani ni neno gani. Kisha ondoa mkono, alisome lote mpaka herufi ya mwisho. Wale wa nyuma wasiachwe. Mtu asikae mpaka aliye nyuma yake amesoma naye.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza habari za kuandika barua ya kuomba kazi. Kwaherini.